Klabu na Kiwanja Chake

Kata ya Guta imekaa ukingoni mwa Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Bunda, mahali ambapo Ziwa Viktoria hupenyeza mkono wake mrefu kuelekea mashariki. Wakazi wake ni wavuvi, wakulima na wafugaji. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Mara, mpira wa miguu huchezwa huko jioni katika viwanja visivyo na jukwaa wala uzio, na mtu wa Guta atakaye kuuona mchezo mkubwa hana budi kusafiri hadi Musoma au Mwanza. Kwa sababu hiyo ilikuwa furaha kubwa kwa watu wa mkoa huo timu ya Biashara United ilipoingia Ligi Kuu katika msimu wa 2018/19, ikaanza kuzikaribisha klabu za Dar es Salaam katika Uwanja wa Karume mjini Musoma.

Furaha hiyo ilizidi mwaka 2021, Biashara ilipomaliza ligi katika nafasi ya nne na kupata haki ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Walakini mashindano ya Afrika yana masharti yake juu ya viwanja, na viwanja vilivyoyatimiza nchini vilikuwa vichache. Mwezi wa Oktoba 2021, Biashara ilipokutana na Al Ahli Tripoli ya Libya, mchezo uliohesabiwa kuwa wa nyumbani ulichezwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Musoma. Biashara ilishinda kwa mabao 2 kwa 0. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa timu ya Mara, nao ulipatikana mbali na macho ya watu wa Mara. Timu haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, ikaondolewa mashindanoni. Na msimu ulipokwisha mwaka 2022, ikashuka daraja.

Yafaa kuuliza jambo hili limetokeaje. Mkoa ulikuwa na timu, wachezaji na mashabiki, lakini siku ya karamu ilipowadia mwenyeji hakuwa na ukumbi. Wala shida hii si ya Mara peke yake. Klabu kubwa kuliko zote nchini, zenye mashabiki wasiohesabika, zimeishi kwa muda mrefu kama wapangaji katika viwanja vya wengine. Historia ya juhudi zao za kupata viwanja vyao yaonyesha kwamba kikwazo kikuu hakikuwa uchache wa fedha, wala upungufu wa mapenzi. Kikwazo kilikuwa hati: nani mwenye ardhi, nani mwenye klabu, na mtu aliyetoa shilingi yake ameandikwa wapi.

Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na Simba, ambayo ilipitia majina mengine kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, iliasisiwa mwaka 1936. Zote mbili zilizaliwa katika Dar es Salaam ya Waafrika, katika mitaa ya Kariakoo na jirani zake, wakati ambapo Mwafrika hakuwa na sauti katika ugawaji wa ardhi ya mji. Mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika upande wa bara. Chama cha mpira cha Waafrika kilikuwa na wanachama, jezi na nyimbo. Uwanja kiliutumia kwa idhini ya wenye mamlaka. Tangu siku za mwanzo, basi, klabu ilijifunza kuwa mali ya watu bila kuwa mali ya mahali.

Uhuru ulileta heshima mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa katika Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, ule ambao baadaye uliitwa Uwanja wa Uhuru. Kwa miaka mingi uwanja huo huo uliozaa taifa ulikuwa pia nyumba ya mapambano ya Yanga na Simba. Ilionekana jambo la kawaida kabisa kwamba klabu za watu zicheze katika uwanja wa watu, na mwenye uwanja awe serikali. Mwaka 2007 ulipofunguliwa uwanja mpya wa taifa wenye viti vipatavyo 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China, mazoea hayo yaliendelea. Mwaka 2020 uwanja huo ulipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, aliyefariki mwaka huo. Klabu zilipata mahali pazuri pa kuchezea. Walakini kila walipocheza, fedha za viingilio zilikatwa kodi na gharama za uwanja kabla ya mwenyeji kuona fungu lake, na mwenyeji huyo hakuwa na uwezo wa kuongeza jukwaa, kufungua duka wala kupanda nyasi.

Mikoani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na ni muhimu kuyatazama kwa makini, kwani ndiko lilikozaliwa fundisho chungu kuliko yote. Baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana mwaka 1977 na kuwa Chama cha Mapinduzi, mikoa kadhaa ilijipatia viwanja vya mpira vilivyosimama kwa jina la chama. Uwanja wa CCM Kirumba wa Mwanza, uliofunguliwa mwaka 1980, ndio maarufu miongoni mwao katika nchi za ziwa. Wakati huo chama kilikuwa kimoja, na mstari kati ya chama, serikali na wananchi ulikuwa mwembamba. Mtu aliyechangia ujenzi hakuona sababu ya kuuliza hati itaandikwa jina la nani. Aliamini kwamba chake ni cha wote na cha wote ni chake. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, viwanja vilibaki mikononi mwa chama. Tangu hapo yamekuwapo mabishano yasiyokwisha: wako wasemao kwamba viwanja hivyo vilijengwa kwa jasho la wananchi wote na virudishwe kwa umma, na wako wasemao kwamba hati ndiyo mwamuzi. Insha hii haina haja ya kuhukumu kati yao. Latosha kuona kwamba mabishano yenyewe yalizaliwa na daftari lisiloandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Watu wa kanda ya ziwa walikwisha kulionja jambo kama hilo katika pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vya ushirika ili wasiendelee kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Viktoria, ambao ulikua hata ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, ukamiliki vinu vya kuchambua pamba. Hayo yalikuwa matunda ya senti za wakulima wadogo, kila mmoja na gunia lake. Lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, na mali ikapita katika mikono mingine. Sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Mkulima aliyedhani kwamba anamiliki kinu aligundua kwamba alimiliki jina tu. Mtu aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na baba yake, akiombwa leo achangie uwanja wa klabu, halaumiwi akisita. Kusita kwake si uchoyo, ni kumbukumbu.

Katika Dar es Salaam, Yanga ndiyo iliyotangulia kuwa na kitu kinachofanana na uwanja wake. Klabu ilijenga jengo lake Jangwani, na kando yake ikawa na uwanja ulioitwa Kaunda, kwa heshima ya Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Kwa wanachama wa wakati huo lilikuwa jambo la fahari kuu: klabu ya watu wa Kariakoo ina mlango wake na nyasi zake. Walakini uwanja huo ulifaa mazoezi tu, haukufaa mashindano makubwa. Tena ulikuwa katika bonde la Mto Msimbazi, ambalo hupokea maji ya jiji kila masika. Maji yalileta mchanga na tope, na mahali pa fahari pakageuka dimbwi. Pia umoja wa wanachama haukudumu. Mwaka 1976 mfarakano ndani ya Yanga ulizaa klabu nyingine, Pan African. Chama kinachogawanyika hakiwezi kufanya kazi ya miaka 10 mfululizo, na uwanja ni kazi ya namna hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2012, chini ya mwenyekiti Yusuf Manji, Yanga ilitia saini makubaliano na kampuni ya ujenzi ya Beijing, ile ile iliyojenga uwanja mpya wa taifa, ili kujenga uwanja wa kisasa hapo hapo Jangwani. Michoro ilionyeshwa, na matumaini yakapanda. Ndipo lilipojitokeza lile lililokuwa limelala chini ya michoro: eneo la klabu halikutosha, na ardhi ya kuongeza ilikuwa katika bonde lile lile la mafuriko. Mwezi wa Desemba 2011, mwaka mmoja tu kabla, mvua kubwa ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Serikali iliyokuwa ikiwaondoa watu bondeni isingeweza kwa urahisi kuipa klabu ruhusa ya kujenga humo. Shauri likakwama. Limefufuliwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na kila linapofufuliwa hurudi kwenye swali la ardhi na maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Kwa hiyo hatima ya uwanja wa klabu imefungamana na hatima ya mto.

Simba ilichukua njia nyingine, ya kutoka mjini. Ilipata ardhi Bunju, kaskazini mwa jiji, na mwaka 2019 viwanja vya mazoezi vilifunguliwa huko. Kabla ya hapo, mwaka 2017, wanachama walikuwa wamekubali klabu igeuzwe kuwa kampuni yenye mwekezaji. Mohammed Dewji aliahidi shilingi bilioni 20, na serikali ikaweka sharti kwamba wanachama wabaki na hisa zisizopungua 51 katika kila 100. Baadaye mashabiki waliombwa wachangie uwanja wa mashindano papo hapo Bunju, na Dewji mwenyewe akaahidi shilingi bilioni 2 za kuanzia. Ardhi ilikuwapo, mfadhili alikuwapo, na mashabiki walikuwapo kwa mamilioni. Miaka ikapita bila uwanja wa mashindano kusimama.

Gharama ya kuchelewa huko ilionekana mwezi wa Mei 2025. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ilifungwa mabao 2 kwa 0 ugenini, ikarudi nyumbani kutafuta kulipiza. Lakini mvua zilikuwa zimeuharibu uwanja wa Benjamin Mkapa, na Shirikisho la Mpira la Afrika likaamuru mchezo uhamishwe. Tarehe 25 Mei fainali ilichezwa katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ambao ukubwa wake haufikii hata nusu ya ule wa Dar es Salaam. Zanzibar iliwapokea wageni kwa ukarimu wake wa siku zote. Walakini sare ya bao 1 kwa 1 haikutosha, na kombe likaenda Morocco. Hakuna awezaye kusema kwamba matokeo yangekuwa mengine kwingineko. Lisilo na shaka ni kwamba katika siku kubwa kuliko zote za kizazi kile, klabu haikuwa na mamlaka juu ya nyasi zake. Kilichoipata Biashara ya Mara mwaka 2021 kiliipata Simba ya Dar es Salaam mwaka 2025. Udogo na ukubwa havikuleta tofauti; wote walikuwa wapangaji.

Iko klabu moja ya Dar es Salaam ambayo haikupita njia hii. Azam, iliyoanzishwa mwaka 2004 chini ya kampuni za Bakhresa, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, na mwaka 2010 ikafungua uwanja wake Chamazi, upande wa Mbagala, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000. Katika msimu wa 2013/14 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Azam haikuwa na mashabiki wengi kuliko Yanga, wala haikuwa na historia. Ilikuwa na mwenye mali mmoja aliyejulikana, ardhi iliyojulikana, na uamuzi uliofanywa mara moja. Uganda ina mfano wa jinsi hiyo: Vipers, klabu ya Lawrence Mulindwa, mwenye shule za St. Mary's, ilifungua uwanja wake Kitende mwaka 2017. Mambo yakageuka hata ikawa Yanga, klabu kongwe, ilikwenda Chamazi kucheza michezo yake ya nyumbani mwaka 2023, ikiwamo ule wa Ligi ya Mabingwa wa Afrika dhidi ya Al Merrikh ya Sudan. Mzee akapanga chumba kwa mjukuu.

Kutokana na mifano hiyo wengi wamehitimisha kwamba klabu ya wanachama haiwezi kujenga, na kwamba dawa ni tajiri mmoja. Hitimisho hilo ni la haraka. Mjini Berlin iko klabu iitwayo Union, ambayo ni mali ya wanachama wake. Mwaka 2008 uwanja wake ulikuwa umechakaa kiasi cha kutofaa, na fedha hazikuwapo. Mashabiki zaidi ya 2,000 walijitolea wakachanganya zege, wakabeba vyuma, wakapiga rangi. Kazi yao ilihesabiwa kufikia saa zipatazo 140,000, na mwaka 2009 uwanja ukafunguliwa. Jambo la maana zaidi lilifuata mwaka 2011: wanachama waliuziwa hisa za uwanja huo, kila mwenye hisa akawa na karatasi yenye jina lake. Jasho lilitangulia, hati ikafuata, na moja halikuachwa bila jingine.

Kazi ya kujitolea si ngeni kwa watu wa Mara wala kwa Mtanzania yeyote. Shule, zahanati na barabara za vijiji zilijengwa kwa mikono, watu wakiimba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kilichopungua katika viwanja vya mpira si mikono, bali ile karatasi ya mwaka 2011 ya Berlin. Mtu wa Guta akiambiwa alete tofali, ataleta. Amekwisha kuleta mara nyingi. Akiambiwa kwamba tofali lake limeandikwa, kwamba uwanja hauwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini yake, na kwamba hesabu itasomwa mbele yake kila mwaka, ataleta la pili na la tatu.

Wako pia watakaosema kwamba si lazima kila klabu iwe na uwanja wake, na hoja yao ina uzito. Inter na Milan, klabu mbili zenye sifa duniani, zilitumia pamoja uwanja wa San Siro tangu mwaka 1947 kwa miongo mingi, nao ulikuwa mali ya manispaa ya mji. Kupanga si aibu. Nchi ambayo bado inahitaji madawati na dawa haina sababu ya kuwa na viwanja viwili vikubwa vinavyotazamana, kila kimoja kikikaa kitupu siku 6 katika 7. Tena Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa mwaka 2023 haki ya kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, serikali zilibeba mzigo wa viwanja vipya ambavyo klabu zitaweza kuvitumia. Lakini mpangaji mwenye mkataba wa miaka mingi, ajuaye kodi yake na haki yake, si sawa na mpangaji aombaye mlango kila Jumamosi. Mfano wa Milan haupingi haja ya hati, waithibitisha.

Kwa hiyo suala la uwanja wa klabu si la majengo kwanza. Mwaka 1935 klabu ya Waafrika haikuweza kuwa na ardhi kwa sababu mtawala hakuitambua. Baada ya 1977 watu walitoa bila kuandikwa kwa sababu walikiamini chama. Mwaka 2012 michoro ilitangulia uchunguzi wa ardhi, na baada ya 2019 ahadi zilitangulia ratiba. Kila zama ilikuwa na upungufu wake, na kila upungufu ulikuwa wa jambo linaloweza kuandikwa katika ukurasa mmoja: mipaka ya kiwanja, jina la mwenyewe, wajibu wa kiongozi na haki ya mchangiaji.

Mkoa wa Mara wana nafasi ambayo Dar es Salaam imekwisha kuipoteza. Ardhi ya tambarare, isiyofikiwa na mafuriko, ingali ikipatikana kati ya ziwa na barabara kuu ya Musoma na Mwanza kwa gharama inayoweza kubebwa. Halmashauri ikiipima leo ardhi ya michezo ya kijiji, ikaiandikia hati na kuiwekea wadhamini wanaojulikana, haitahitaji kiti hata kimoja kwa miaka 10 ya kwanza. Nyasi na magoli yatatosha, na miti ya kivuli pembeni. Siku timu ya mkoa itakaporudi kileleni, kutakuwa na mahali pa kujenga, na hapatakuwa na ubishi kuhusu nani mwenyewe.